Mratibu na Visanduku Vyake

Watu wengi niliofanya nao kazi nimewasahau, na sioni hasara. Huyu nimeshindwa kumsahau. Jina lake silitaji kwa sababu hata ofisini hatukulitumia. Alikuwa Mratibu, alipenda kuitwa Mratibu, na mkewe mwenyewe akipiga simu ya mezani aliniuliza, "Mratibu yupo?" Alikuwa mkuu wa mradi wa matumizi ya ardhi uliofungua ofisi Sumbawanga miaka ile ya soko huria, maghala ya ushirika yakiwa matupu na matajiri wenye malori wakinunua mahindi ya watu kwa bei waliyojipangia wenyewe. Mimi nilikuwa mpiga chapa wa ushirika. Ushirika ulipokufa nikapunguzwa kazi, nikakaa nyumbani mwaka na nusu nikisuka vitambaa ambavyo hakuna aliyevihitaji, kisha Mratibu akaniajiri. Nalisema hili mapema mjue kwamba ninayemsema nilikula kwake.

Chumba cha kompyuta kilikuwa mwisho wa ukumbi, na kabla ya kuingia tulivua viatu. Anayeijua Sumbawanga ya mwezi wa sita anajua sakafu ya saruji ilivyo baridi asubuhi. Tulisimama na soksi, na wageni wa vijijini walisimama pekupeku wakibadilisha mguu huu na huu, eti vumbi lingeua mashine. Yeye hakuvua. Viatu vyake, alisema, vinapanda gari tu, havijuani na vumbi. Kompyuta yenyewe ilifunikwa kitambaa cha kudarizi, na kukifunua ilikuwa ibada: alikishika pembe mbili, akakikunja mara mbili, akakiweka juu ya kiti ambacho hakuna mtu aliyeruhusiwa kukikalia.

Ndani ya mashine ile mlikuwa na programu ya kuchorea michoro, na humo ndimo alimoishi. Upande wa kushoto wa skrini yalipangwa maumbo: mstatili, duara, uru kama la karata, pipa, mishale ya kila aina. Yeye aliita sehemu ile ghala. Ulishika umbo kwa mausi, ukaliburuta hadi kwenye ukurasa mweupe, ukaliachia. Ukitaka jingine ulirudi ghalani, na ghala lile halikuisha kamwe. Halafu kulikuwa na mistari ya kuunganishia, ambayo aliiita kamba. Kamba ukiifunga kwenye kisanduku iling'ang'ania, ukikihamisha kisanduku nayo ilikifuata, na ikikutana na kisanduku kingine njiani haikupita juu yake, ilitafuta upande mwingine yenyewe ikazunguka. Hilo lilimfurahisha Mratibu kupita kiasi. "Unaona?" alikuwa akiniambia. "Ina akili kuliko nusu ya watu wa ofisi hii." Ofisi ilikuwa na watu watano.

Alichora kila kitu. Alichora mchoro wa chai ya saa nne, kisanduku cha anayechemsha, kisanduku cha anayemimina, mishale kwenda kwa wanywaji, na mfagiaji hakupata mshale, kwa hiyo kwa wiki mbili mfagiaji hakupata chai mpaka tulipoanza kumpelekea kikombe nyuma ya choo. Alichora mchoro wa kuombea ruhusa. Kila swali lilikaa ndani ya uru, Ndiyo huku, Hapana kule: Je, unaumwa? Je, una harusi? Mlinzi wetu alipofiwa na baba mkwe akaja kuomba ruhusa, Mratibu alimsimamisha mbele ya karatasi ile ukutani wakaifuata kwa kidole. Hapana, haumwi. Hapana, hana harusi. Mshale ukawarudisha juu walikoanzia.

"Lakini mzee, mtu amekufa," mlinzi alisema.

"Nimekusikia. Msiba tutauweka kwenye toleo lijalo."

Mlinzi alikwenda kuzika bila toleo, na aliporudi alikuta barua ya onyo niliyoipiga mimi mwenyewe.

Alikuwa na msemo wake mmoja aliousema asubuhi, mchana na kwenye mikutano ya mkoa: "Lisilochoreka halipo." Aliutoa taratibu akinyanyua kidole, na wakubwa kutoka Dar es Salaam walitikisa vichwa na kuuandika kwenye madaftari yao. Mimi nilikuwa nikijiuliza njaa inachorwaje, lakini sikuuliza, maana nilikuwa nimeshaionja ile ya mwaka na nusu.

Msidhani alikuwa mtu wa sayansi hivyo. Tulipokwenda vijijini hakuonja chakula cha mtu. Alikuwa amesikia maneno ya watu wa mbali kuhusu Sumbawanga na uchawi wake, akayaamini yote, na hayo hayakuhitaji kuchorwa. Mama wa watu wangepika kuku na ugali wa ulezi tangu alfajiri, wakatandika na vitambaa mezani, na yeye angetoa mfukoni mayai mawili ya kuchemsha, akayamenya mwenyewe huku akiangalia pande zote. Yai, alinieleza ndani ya gari, haliwezi kutiwa kitu. Mtu aliyesoma ng'ambo anakaa mbele ya wenyeji wake akimung'unya yai kwa siri, na jioni anaandika ripoti kwamba jamii haina moyo wa ushirikiano.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Ni yeye aliyenifundisha kompyuta. Ofisi nyingine mpiga chapa mwanamke aliachiwa taipu yake mpaka izeeke naye, lakini Mratibu alinikalisha pembeni yake, akaushika mkono wangu akauweka juu ya mausi bila utani wa kijinga, akanifundisha kwa uvumilivu ambao hakuwa nao kwa mtu mwingine yeyote. Mwanangu aliposhikwa na homa ya uti wa mgongo, alitoa gari la mradi mara moja, hakuuliza uru wala mshale. Mambo haya mawili yamenisumbua kuliko mabaya yake yote, kwa sababu mtu mbaya wa moja kwa moja ungemchukia ukalala usingizi.

Sasa nije kwenye kijiji chetu.

Kiko mwendo wa saa moja kwa baiskeli kutoka mjini, upande wa bonde. Wengi wetu ni Wafipa wa kigango, lile kanisa dogo la kijijini, walima mahindi na ulezi. Miaka ile familia za Kisukuma zilikuwa zimepanda kutoka chini, upande wa Milepa, na ng'ombe wao, na kila kiangazi palikuwa na ugomvi: ng'ombe wameingia hapa, ng'ombe wamekula pale. Mradi ukachagua kijiji hicho uweke njia rasmi ya mifugo, kutoka kwenye mteremko hadi mnadani. Mimi nilifurahi. Pale bondeni ndipo lilipokuwa shamba la Mama Mdogo, mdogo wake mama yangu, aliyenilea. Alikuwa mjane, na shamba lile ndilo alilokuwa nalo. Alililima kama wazee walivyolima, matuta ya duara ya kufukia nyasi, mwaka huu maharage juu ya matuta, mwaka unaofuata anayabomoa na kumwaga ulezi.

Siku ya mkutano tuliambiwa wanakijiji wachore ramani wenyewe chini, kwenye uwanja wa shule, kwa vitu walivyonavyo. Hilo nitalisifu mpaka nife, maana halikuwa wazo la Mratibu, lilikuwa kwenye kitabu cha mradi. Wanawake walimwaga majivu yakawa mto. Kigango kikawa tofali. Mashine ya kusaga ikawa kopo. Kila mwenye shamba njiani aliweka gunzi, na Mama Mdogo akaweka lake bondeni akalikandamiza kwa kisigino. Kisha mzee mmoja wa Kisukuma, aliyekuwa na ng'ombe wengi kuliko wote, akainuka na fungu la mavi makavu ya ng'ombe, akaanza kuyapanga moja moja kuonyesha ng'ombe wapite wapi. Alipokaribia bonde watu wakamtazama Mama Mdogo.

"Mzee," Mama Mdogo alisema, "wakipita hapo nitahamia kwako, nile hao hao ng'ombe."

Watu wakacheka. Mzee naye akacheka, akayaokota mavi yake.

"Hapana, mayu," alimjibu kwa heshima ya kwao ya kumwita mtu mama. "Mimi pia sitaki bonde. Ng'ombe wanateleza, wanavunjika miguu. Sisi tutapita mgongoni mwa kilima, nyuma ya kanisa, kwenye mawe. Huko hakuna anayelima."

Akayapanga upya, nyuma ya tofali. Wafipa wakakubali, Wasukuma wakakubali, katekista akafunga kwa sala. Ugomvi wa miaka minne uliisha mchana mmoja juu ya majivu na magunzi, na Mratibu alikuwa chini ya mwavuli anamenya yai.

Kesho yake ofisini akafunua kitambaa cha kudarizi. Nilikaa pembeni yake nikimsomea daftari nililonakili ramani ile, naye akaburuta maumbo kutoka ghalani. Shule, mstatili. Kigango, mstatili wenye msalaba. Mashine ya kusaga, pipa. Mteremko, pembetatu. Mnada, duara.

"Na mashamba?" niliuliza.

Akapandisha ghala, akalishusha. "Shamba halina umbo," alisema. "Yaache meupe."

Basi mashamba yote yakawa weupe wa karatasi. Mama Mdogo na matuta yake ya duara akawa mahali ambapo hapana kitu. Kisha akafunga kamba kutoka pembetatu ya mteremko hadi duara la mnada, na kamba ikapita nyuma ya kigango, sawasawa na alivyopanga mzee wa Kisukuma. Nikashusha pumzi.

Tukachapa. Msalaba wa kigango ukakatwa na ukingo wa karatasi. Mratibu hakuweza kuvumilia jambo kama hilo; alikuwa mtu wa kunyoosha picha katika nyumba za watu. Akakishika kisanduku cha kigango akakisogeza kidogo, upana wa ukucha, kiingie ndani ya ukurasa. Na ile kamba yenye akili, ikaona kisanduku kimeiingilia njia, ikaruka. Ikahama kutoka nyuma ya kigango ikaja mbele, ikakatisha ule weupe wa bondeni, ikaenda moja kwa moja mnadani.

"Mzee, mstari umehama," nilisema.

"Nimeuona. Sasa una kona moja. Mwanzo ulikuwa na tatu."

"Lakini pale ni bondeni. Pale ni mashambani kwa watu."

"Kwa nani?"

Nilinyamaza, na kunyamaza kwangu kukanijibia. Akakigeuza kiti anitazame, akatabasamu bila ubaya wowote.

"Mashine haina ndugu, mwanangu. Wewe unaye pale. Ndiyo maana kazi hii tumeipa mashine."

Ningeweza kubishana. Ningeweza kuchukua lile daftari nikampigia mezani. Niliona aibu ya kuitwa mpendelea ndugu, nikaukumbuka ule mwaka na nusu wa kusuka vitambaa, nikachukua karatasi kwenye printa nikaitoboa matundu ya faili. Kwa hilo najidharau kuliko ninavyomdharau yeye, na yeye namdharau sana.

Mchoro ulipigwa mhuri ukabandikwa kwenye ofisi ya kijiji ukiwa ndani ya nailoni. Nilimtuma Mama Mdogo kwa mwenyekiti, na mwenyekiti, ambaye mwenyewe alikuwepo siku ya majivu, alimjibu, "Tulichora chini, ndiyo, lakini wataalamu wameiingiza kwenye kompyuta, imetoka hivi. Kompyuta haiwezi kukosea, Mama. Imeshapima." Mgambo wakapigilia nguzo mbili bondeni, moja kila upande wa shamba lake.

Na kichekesho kibaya kuliko vyote ni kwamba ng'ombe wenyewe hawakutaka. Mzee wa Kisukuma aliwapeleka mgongoni, nyuma ya kanisa, kama walivyokubaliana. Mgambo wakamkamata kwa kuacha njia rasmi, wakamkalisha nje ya ofisi kutwa nzima juani, ng'ombe wakilia. Alipoachiwa alikuja kwa Mama Mdogo na kibuyu cha maziwa, akakaa kwenye ukingo wa baraza.

"Mayu, wananilazimisha nikukanyage," alisema. "Nimekuja unione uso kabla sijapita."

"Pita, mzee," Mama Mdogo alimwambia. "Siyo wewe."

Akapita, na wengine wakapita. Mwaka wa kwanza Mama Mdogo alipanda ulezi pembeni mwa nguzo, ukaliwa. Mwaka wa pili aliinua matuta upya, kwato zikayasawazisha. Mwaka wa tatu aliazima kipande cha mawe huko juu, nyuma ya kanisa, pale pale ambapo ng'ombe walitakiwa wapite, akapata maharage ya kujaza sufuria mara chache. Baada ya hapo nikamchukua akae nami mjini. Aliacha ulezi kabisa. Mwanamke ambaye watu walifuata pombe yake ya ulezi kutoka vijiji vitatu akawa ananunua unga wa uji dukani.

Katika miaka hiyo mitatu nilimwambia Mratibu mara nyingine mbili. Mara ya kwanza alisema niandike maoni niyatie kwenye faili. Mara ya pili alisema mchoro ule umeoneshwa Dodoma kama mfano wa kuigwa, na ni kweli, ulioneshwa, na alirudi na cheti. Mradi ulipofungwa tukamwandalia chai ya kumuaga. Alitoa hotuba kuhusu ushirikishwaji wa wananchi. Nilipiga makofi na wenzangu.

Miaka tisa hivi baadaye nilikuwa na steshenari yangu karibu na stendi, kompyuta mbili na mashine ya fotokopi, wateja wangu vijana wa "mambo" na "poa" wanaokuja kuchapa barua za kazi. Mchana mmoja akaingia mzee mwembamba mwenye kandambili, koti limemshinda mabega. Sikumtambua mpaka aliposimama mlangoni akitazama chini, akawa anatafuta pa kuvulia.

"Pita tu, Mzee. Hapa hatuvui," nilisema. "Shikamoo."

"Marahaba. Wewe si mpiga chapa wangu?"

Alikuwa amestaafu. Alikuwa amesikia kuna mradi mwingine wa ardhi unatafuta washauri, akataka kupeleka mfano wa kazi yake. Akatoa disketi iliyofungwa ndani ya leso. Kompyuta yangu moja ilikuwa ya zamani, yenye tundu la disketi na programu ile ile, kwa sababu yeye ndiye aliyenifundisha na sikutaka kujifunza nyingine. Nikaifungua. Pembetatu, mstatili wenye msalaba, pipa, duara, na ile kamba ikikatisha weupe. Akavuta kiti, akaanza kunieleza mchoro ule kama vile mimi ni mgeni.

Wakati huo Mama Mdogo aliingia na bakuli la chakula changu cha mchana. Akamsalimia mgeni, mgeni akamjibu bila kumtazama, macho yakiwa kwenye skrini. Mama Mdogo akasimama nyuma yangu. Hajui kusoma, lakini msalaba wa kigango chetu aliutambua.

"Ndiyo ile karatasi?" aliniuliza kwa Kifipa.

"Ndiyo yenyewe," nilimjibu.

Nikashika mausi. Nikakisogeza kisanduku cha kigango upana wa ukucha, kurudi kilipokuwa. Kamba ikaruka, ikatoka bondeni, ikapita nyuma ya kanisa kwenye mawe.

Mratibu akainama karibu. "Aa. Hata hivyo inapendeza. Ilikuwa ipite hapo?"

"Walikubaliana ipite hapo, Mzee. Ulipokihamisha kigango ndipo ikaruka. Pale bondeni palikuwa shamba la huyu mama."

Kwa mara ya kwanza akageuka akamtazama. Uso wake ulibadilika kweli, siwezi kumnyima hilo, akaonekana mtu aliyeambiwa habari ya msiba wa jirani.

"Lakini ungeniambia, mwanangu," alisema. "Ilikuwa kazi ya sekunde moja."

"Nilikuambia."

Akatafuta kichwani, na niliona kwamba hakupata. Hakuwa anadanganya. Kwake mimi sikuwahi kusema kitu.

"Basi chapa hii iliyorekebishwa," alisema. "Hii ndiyo nzuri zaidi, nitaipeleka hii."

Nikakirudisha kigango pale alipokiweka yeye, na kamba ikaruka tena ikatua bondeni. Mama Mdogo aliyaona yote mawili, kwenda na kurudi, bakuli bado liko mkononi.

"Kumbe ni hivyo tu?" aliuliza, na safari hii kwa Kiswahili, ili naye asikie. "Hakuna aliyepima?"

Mratibu alitazama mikono yake.

"Miaka yote hii nilikuwa najiambia, basi, kuna mtu alipima," Mama Mdogo alisema.

Nikachapa ule wenye mstari shambani kwake, nikampa Mratibu, nikamwambia hiyo ndiyo kazi yake aipeleke.